Nataka kukaa Jumamosi nzima bila simu janja. Mliozoea mnajipangaje?

MwlTabata

Habari za jioni ndugu zangu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Dar, nafundisha darasa la nne, nakaa Tabata. Jumamosi ijayo nataka nikae bila simu janja tangu nikiamka mpaka nikilala. Sizungumzii kuzima data saa mbili tatu halafu kuwasha. Nataka isiwepo mkononi kabisa.

Niko kwenye kundi la WhatsApp la wazazi wa darasa langu, kundi la walimu, la kikoba, la ukoo, na la wapangaji wa nyumba tunayokaa. Mzazi anaandika saa tano usiku kuuliza zoezi la hisabati ni ukurasa wa ngapi. Simlaumu, mtoto wake anahitaji. Lakini rundo la madaftari ambalo zamani nililimaliza kabla ya magharibi sasa linanifikisha saa nne usiku, maana kila baada ya madaftari mawili matatu simu inalia na mimi naishika. Kusahihisha kunataka utulie na mwandiko wa mtoto. Huyu anaandika 6 yake kama 0, yule anasahau kubeba anapojumlisha. Ukikatizwakatizwa unaona jibu tu, mtoto humuoni.

Sasa wasiwasi wangu. Mama yangu yuko Lushoto, ana presha. Mdogo wangu anayekaa naye hunipigia kwa WhatsApp kwa sababu dakika za kawaida zinamuumiza. Siwezi kukubali siku ipite sipatikani. Halafu mimi ndiye mweka hazina wa kikoba chetu, na Jumamosi ndiyo siku ya kutuma hisa. Mtu akishatuma hela anapiga picha ujumbe wa muamala, anaurusha kwenye kundi, na mimi namjibu kwamba nimepokea. Jioni hiyohiyo kuna shughuli ya jirani yetu wa zamani aliyehamia Kinyerezi, na mwaliko umekuja na ramani tu ya kubonyeza. Na LUKU yetu ni ya kuungaunga, inaweza kukata muda wowote.

Kitochi ninacho kabatini, betri bado inashika chaji. Nimejaribu kuweka laini yangu, lakini ni ndogo kuliko tundu, inacheza tu humo ndani, simu haiisomi.

Naomba msaada kwa waliowahi kufanya hivi kweli, siyo wa kuniambia nifute programu tu.

BodaMbezi

Shikamoo Mwalimu. Nakuunga mkono, ila nianze na upande wetu. Mimi naendesha pikipiki na abiria wananiita kwenye programu. Simu ikizimwa kazi nayo imezimwa, narudi kijiweni kusubiri zamu, na asubuhi pale Mbezi zamu inachelewa kufika. Kwa hiyo wanaosema kila mtu atupe simu siku moja kwa wiki, watukumbuke sisi ambao mlo wa siku hiyo unaingilia humo.

Hilo la Kinyerezi lisikusumbue hata kidogo. Mpigie mwenye shughuli umuulize unashukia kituo gani, kitu gani kikubwa kiko karibu (msikiti, kisima, ukuta wa rangi fulani), na jina ambalo mtaa unamwita. Jina la kwenye kadi halitakusaidia. Mtu ameandikwa majina matatu kwenye mwaliko, lakini kule anajulikana kama Mama Chapati au Mzee wa Kreti. Ukishuka kituoni, nenda kwa bodaboda waliopaki, taja jina hilo la mtaani. Mimi natumia ramani kutwa, na mara nyingi inanipeleka nyuma ya ukuta wakati geti liko mtaa wa pili. Ninayemuuliza kijiweni hunifikisha mlangoni.

FundiAggrey

Mwalimu, pole na kazi. Mimi ni fundi simu, meza yangu iko Mtaa wa Aggrey, Kariakoo. Wiki nzima nashika simu za watu: vioo, tundu za chaji, betri. Jumapili natembea na kitochi tu, na nimeishi hivyo tangu mwanangu mkubwa hajaanza shule. Naandika kwa kirefu kwa sababu kila ulichokitaja kina jibu, na kwa sababu siku hii naipenda, sitaki mtu aianze vibaya akaichukia.

Tuanze na laini. Laini za simu janja siku hizi ni zile ndogo kabisa, milimita 12 na ushee kwa karibu 9. Kitochi cha zamani kinataka ya milimita 25 kwa 15. Kile kichuma cha rangi ya dhahabu ndicho kinachofanya kazi, kilichopunguzwa ni plastiki ya pembeni. Laini yako ilipouzwa ilikuja ndani ya kadi, ukaibandua. Kile kifremu kilichobaki ndicho unachokihitaji. Kama hakipo, fundi yeyote anavyo mezani, mwombe. Weka kifremu juu ya kitu kilichonyooka, ingiza laini, isawazishe kwa kidole, kisha bandika kipande chembamba cha selotepu upande usio na kichuma. Usikose hiyo selotepu. Bila hiyo laini inaponyoka ikiwa ndani.

Na hiyo betri, kabla hujaiamini, itoe, ilaze juu ya meza ya kioo au kigae, izungushe kwa kidole. Ikikwaruza na kusimama, iko sawa. Ikizunguka kama pia, imevimba tumboni, usiitumie hata kama inashika chaji. Kitochi changu ni Nokia 1100, ile iliyotoka 2003 ikauzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Betri yake ya BL-5C inapatikana mpaka leo, maana redio ndogo nyingi zinatumia hiyohiyo. Kama chako kinatumia hiyo, mpya haikupi shida.

Ukishaiwasha, ingia kwenye meseji ufute zote za zamani. Vitochi vya zamani vina nafasi ndogo. Kikijaa kinaonyesha kibahasha kinachopepesa juu ya kioo na hakipokei ujumbe mpya mpaka upunguze. Wewe ni mweka hazina, ujumbe wa muamala usipoingia hutajua nani ametuma.

Kuhusu hela, wapo wanaodhani imo ndani ya simu. Hela inafuata namba yako, kwa hiyo laini ikihamia kwenye kitochi, hela imehamia nayo. M-Pesa ni *150*00#, Airtel Money *150*60#, Mixx ambayo zamani ilikuwa Tigo Pesa ni *150*01#. Benki nazo zina namba zake, NMB *150*66#, CRDB *150*03#. Intaneti haitakiwi kabisa. LUKU unanunua humohumo, tokeni ya tarakimu 20 inakuja kwa meseji. Ila namba ya mita iandike mahali, maana kwenye simu janja huenda imehifadhiwa na hujawahi kuitazama. Dukani kwenye lipa namba unalipa vilevile. Na uwe na noti ndogo za nauli, konda hana muda wa kukusubiri ubonyeze.

Majina ya watu hayatoki na laini. Siku hizi yanakaa kwenye simu yenyewe au kwenye akaunti ya Google. Laini ina nafasi ya majina kama 250 ukitaka kuyahamishia, lakini mimi siyahamishi. Ninacho kikaratasi ndani ya pochi: mke wangu, mama mzazi, mwenye nyumba, jirani mwenye gari, muuguzi wa zahanati ya mtaani, na namba 112 ya polisi na 114 ya zimamoto ambazo mke wangu aliziongeza kwa mwandiko wake. Kimechakaa kwenye mikunjo, nimekiandika upya zaidi ya mara moja.

Mdogo wako wa Lushoto, Ijumaa mnunulie dakika wewe mwenyewe, kwenye menyu kuna sehemu ya kumnunulia mtu mwingine bando. Mwambie kesho apige kawaida tu. Na kwako nunua la dakika na SMS, usinunue la GB. Kama kuna msomaji hapa ambaye laini yake ni ya kielektroniki, haitoki, basi ahamishe simu zake kwenda namba nyingine: **21* kisha hiyo namba na #, halafu apige. Kuondoa ni ##21#. Ajue tu kila simu inayohamishwa inakula salio lake yeye.

Sasa kikoba. Hapo, Mwalimu, kazi ni ya kuongea na watu. Usisubiri Ijumaa usiku. Andika kwenye kundi Jumatano au Alhamisi: Jumamosi sitakuwa kwenye WhatsApp, tumeni hisa kama kawaida, nitaandika kwenye daftari, Jumapili nitaweka orodha. Mwombe katibu awajibu watu siku hiyo. Ujumbe wa muamala utakuja kwenye kitochi na jina, kiasi na saa, wewe kalamu mkononi. Waambie pia wazazi, waambie ukoo. Ukiondoa laini na kuzima simu bila kusema, mtu akikuandikia anaona tiki moja mchana kutwa, anaanza kufikiri umemfungia au umepatwa na jambo. Ujumbe wenyewe haupotei, WhatsApp inautunza mpaka siku 30 ukikusubiri uwashe. Kinachoharibika ni moyo wa aliyetuma.

Nakwambia hivi kwa sababu nimeziona siku ambazo simu zilizima zenyewe. Jumatatu ya tarehe 4 Oktoba 2021 WhatsApp, Facebook na Instagram zilizimika dunia nzima kwa karibu saa sita, kwetu ilikuwa imepita saa kumi na mbili jioni. Nilikuwa nafunga meza. Watu wakaanza kuja, simu mkononi: fundi, simu yangu imekufa. Nawaonyesha inapiga, inapokea, kamera inafungua, redio inaongea. Wanasema sawa, lakini haifanyi kazi. Kuna mama wa duka la vitenge karibu yangu, mteja wake alikuwa Lubumbashi, anasubiri amtumie picha za mzigo achague. Alikuwa amesimama pale kama aliyefiwa. Nikamuuliza, namba yake unayo? Anayo. Nikamwambia apige tu simu ya kawaida. Wakaongea Kiswahili chao, akamweleza rangi moja moja kwa mdomo, mzigo ukafungwa usiku uleule. Halafu Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zikapata hitilafu, EASSy na Seacom zote, intaneti ikafifia Tanzania na nchi za jirani. Kesho yake meza yangu ikajaa watu wanaotaka simu zitengenezwe, na simu hazina ubaya wowote.

Siku zile ziliumiza watu kwa sababu hakuna aliyejiandaa na hakuna aliyeambiwa. Jumapili yangu mteja anajua, mama anajua, jirani anajua nitapatikana vipi. Hiyo ndiyo tofauti yote. Hata wewe, ukishamaliza kuwaambia watu, kazi kubwa imekwisha. Simu janja izime, iweke sehemu yenye kufuli, usiibebe kwenye mkoba eti kwa dharura.

Mkono utakwenda mfukoni wenyewe, hasa kwenye foleni na kwenye daladala. Kwangu kipindi kigumu ni kati ya magharibi na chakula. Jua limezama, kazi hakuna, na nyumba bado haijatulia. Mimi huutumia muda huo kumsikiliza mwanangu akisoma kwa sauti, na nilipoanza alikuwa anasoma herufi moja moja. Wewe una madaftari, kwa hiyo pangilia yawe saa hiyo.

BintiKibokoni

Salaam aleikum Mwalimu, naandika kutoka Mombasa, Mji wa Kale. Fundi amesema yote ya laini na pesa, nami naongeza moja. Kwetu M-Pesa ya menyu ni *334#, na huduma yenyewe ilianza 2007, kabla wengi hawajashika simu ya kioo. Mamangu hajui nyingine, na hajakwama hata siku moja.

Langu ni hili: usiiache hiyo siku tupu. Mimi kila Alhamisi alasiri huenda kwa shangazi yangu bila simu ya kioo, nina kabambe tu mfukoni. Shangazi husuka mikeka. Miyaa yake huwa imekwishachanwa na kutiwa rangi, imefungwa mafungu mafungu: zambarau, kijani, nyekundu na ile isiyotiwa kitu. Alinipa ukili nisuke. Ukili wataka mikono yote miwili na macho. Ukiachilia upande mmoja utazame kitu kingine, unalegea, na ule mti wa rangi unakwenda upande. Yeye haangalii hata, anasuka huku anazungumza, na mazungumzo yenyewe ni ya watu ambao mimi sikuwakuta: nani alijenga ile nyumba ya kona, nani alikuja na jahazi gani, bibi yetu aliolewa kwa mahari gani. Baada ya muda nikaona sihesabu saa. Ningekuwa nimekaa tu kwenye kiti nikisubiri magharibi, ningeitamani simu kila dakika.

Kwa hiyo Mwalimu, hayo madaftari ni jambo jema, lakini tafuta na kazi nyingine ya mikono. Kanda mandazi, shona, palilia, chochote ambacho ukikiacha katikati kinaharibika.

MkulimaKasulu

Mwalimu, nakusalimu kutoka Kasulu, Kigoma. Nimesoma yote na nimefurahi, na mwandiko huu ni wa kijana wangu, nimeazima simu yake. Huku kwetu siku bila simu janja ni kila siku. Nina kitochi cha laini mbili, nachaji kwa sola ya jirani. Bei ya maharage ya gulioni naijua kwa kumpigia shemeji. Habari nasikia redioni asubuhi nikienda shambani. Sijioni kama mtu anayekosa kitu kikubwa.

Ila kipo kimoja kinachoniuma, na kwa kuwa wewe ni mwalimu nakiweka hapa. Binti yangu yuko darasa la sita. Siku hizi matangazo ya shule yanawekwa kwenye kundi la WhatsApp. Mkutano wa wazazi wa mwaka huu, wa kupanga mchango wa chakula cha mchana, niliusikia ukiwa umeshapita. Kiasi kimepangwa, na tarehe ya mwisho imepangwa. Nilipokwenda kuuliza nikaambiwa, mzee mbona ilitangazwa. Tuko wengi wa namna hiyo kijijini, na tulikuwa na la kusema, kwa sababu baadhi yetu tungeweza kutoa mahindi badala ya fedha.

Zamani mwalimu aliandika kwenye daftari la mtoto, mzazi anasaini, kesho linarudi. Au mtoto anatumwa na karatasi. Huyo Mwalimu wa Tabata akipumzisha simu yake siku moja, nitafurahi akiwakumbuka wazazi ambao simu hiyo hawana siku zote. Sisemi kwa ugomvi.

MwlTabata

Ndugu zangu, nimerudi. Jumamosi imepita na nina mengi ya kuwaambia.

Fundi, kifremu nilikipata kwa kijana wa hapa Tabata, na betri ilipita kwenye kigae, haikuzunguka. Meseji za zamani nilifuta zote. Kulikuwa na za mwaka ambao sikuwa hata nimehamia nyumba hii.

Kikoba kilikwenda vizuri kwa sehemu kubwa. Katibu aliwajibu watu, mimi nikaandika kwenye daftari. Kilichotokea ni kwamba mwanachama mmoja alituma kwenye laini yangu ya pili, ya mtandao mwingine, ambayo ilibaki ndani ya simu janja iliyozimwa. Hela ilifika, lakini dada wa watu alikaa na mashaka mpaka Jumapili asubuhi. Wenye laini mbili wataje wazi ni namba ipi itakayopatikana.

Mama yangu alipiga mwenyewe saa nne asubuhi. Kwenye video huwa namwona paji la uso na dari, kisha mdogo wangu anapokonya simu aongee yeye. Safari hii aliishika sikioni kama anavyojua, akaniambia amepimwa presha Alhamisi, akanitajia na namba zote mbili, akanieleza mti wa parachichi ulioangukia choo cha jirani, na jinsi ugomvi wake ulivyosuluhishwa. Alipomaliza alisema, basi mwanangu nimekusikia, akakata yeye.

Kinyerezi nilifika. Mwenyeji wangu kule anaitwa Mama Kuku, sikujua mpaka nilipompigia. Bodaboda wa kwanza niliyemtajia aliniambia panda. BodaMbezi, ahsante sana mwanangu, na nimekusikia kuhusu kazi yako. Marahaba.

Madaftari nilianza saa tisa, na magharibi ilipoadhiniwa nilikuwa nafunga la mwisho. Kuna mtoto anayepata makosa kwenye kutoa, nami nilikuwa namwandikia tu arudie. Jumamosi nikaona anachofanya. Anakopa kumi, lakini alikokopa hapunguzi. 52 toa 27 anaandika 35. Sehemu ya mamoja anafanya sawasawa kabisa, 12 toa 7, 5. Halafu kwenye makumi ile 5 inabaki 5 kana kwamba hajaigusa. Nikarudi kwenye madaftari ya wenzake wawili wa dawati lile, nao vilevile, kila zoezi. Wameelekezana. Jumatatu nimewaita wote watatu na vijiti vya kuhesabia, tukafungua fungu la kumi pamoja, wakaona lilivyopungua. Yule wa kwanza akaomba afute zoezi zima alirudie bila kuambiwa.

BintiKibokoni, mkeka sijui, lakini nilishona vifungo vya sare za wanangu vilivyokuwa vinanisubiri tangu muhula uanze.

Na wewe baba wa Kasulu. Nilikusoma Ijumaa na sikulala vizuri. Nimechukua orodha ya namba za wazazi niliyoiandika Januari, nikailinganisha na walio kwenye kundi letu. Hapahapa Tabata, mjini, wapo ambao hawamo. Nimewapigia wote mmoja mmoja. Wawili walikuwa hawajui tarehe ya mtihani wa majaribio. Kuanzia wiki hii kila tangazo naliandika kwenye daftari la mtoto, mzazi anasaini, na nakala nabandika kwenye ubao wa getini. Kundi litabaki kwa wanaolitaka, lakini halitatangulia daftari. Nimempelekea mwalimu mkuu wazo hilo kwa shule nzima, amesema tulizungumze kwenye kikao cha walimu. Na lile la mahindi badala ya fedha nitalisema kikaoni pia, ni jambo la maana.

Jumamosi nyingine naendelea. Nimeshawaambia wazazi kwamba kila Jumamosi ni ya kupiga simu ya kawaida tu, na ni kwa jambo la mtoto kuumwa au kupotea.

Fundi, swali moja. Laini imeganda kwenye kitochi. Kifremu kimetoka nusu, kimekwama, na nikivuta nasikia kitu kinakwaruza ndani. Nifanyeje?

FundiAggrey

Mwalimu, usivute tena! Kitochi chako ni cha tundu la kuchomeka, na humo ndani kuna vichuma vidogo vilivyoinama kama ndimi. Laini imeteleza ndani ya kifremu, na kimoja kimeingia kwenye pengo lake. Ukivuta unakikunja au unakikata, na hapo kitochi hakitasoma laini yoyote.

Zima simu, toa betri. Kata kipande cha plastiki nyembamba, ya kava la daftari inafaa, upana wake uwe sawa na wa tundu. Kiingize taratibu upande ule kichuma cha laini kinapoangalia, kipite kati ya kifremu na zile ndimi mpaka kifike mwisho. Kitazibonyeza zote zilale. Sasa vuta kifremu na plastiki kwa pamoja, polepole. Kikikataa hata kidogo, acha hivyohivyo, nifuate Aggrey kabla ya saa nne asubuhi, baadaye mtaa unajaa hapapitiki. Selotepu nitakubandikia mwenyewe, na hela usije nayo.

Na hilo la 35 nimemwonyesha mwanangu. Amechukua kalamu, anajaribu nyingine.